Mwacheni mtoto amalize dawa zake

Kila dada yangu akija likizo kutoka Uingereza, lazima atokee mtu wa kumuuliza: “Jamani, mbona mnamjaza mtoto dawa?” Mwanawe ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makohozi mazito. Asubuhi na jioni hukaa na nebulaiza mdomoni, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, akivuta antibiotiki iitwayo tobramaisini kwa robo saa. Anavuta siku 28, anapumzika siku 28, kisha anaanza upya. Akimaliza, mama yake hukifungua kifaa kipande kwa kipande, akaviosha na kuvichemsha.

Nawaelewa wanaouliza. Tumefundishwa, na ni kweli, kwamba antibiotiki si peremende, na anayezibugia kwa kila mafua analea vimelea sugu. Ila mapafu ya huyu mtoto hayana mafua. Jeni yake iitwayo CFTR ina hitilafu, chumvi na maji havipiti inavyotakiwa, na makohozi yanakuwa mazito ya kunata. Humo ndimo bakteria wa Pseudomonas aeruginosa hupenda kukaa. Wakizoea, hujijengea utando ambao dawa haiupenyi kirahisi, na kuanzia hapo kuwatoa ni shida kubwa. Tena miili ya wagonjwa hawa huziondoa haraka baadhi ya antibiotiki, ndiyo maana dozi zao hutisha wageni.

Kwa hiyo cha kuogopa hapa ni kuchelewa. Madaktari wa Copenhagen, Denmark, walilionyesha hili zamani: makohozi yanapimwa kila mwezi, na Pseudomonas akionekana tu anashambuliwa kwa antibiotiki mbili, siprofloksasini ya kumeza pamoja na kolistini ya kuvuta, hata kama mgonjwa hajisikii vibaya. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1991 yalionyesha maambukizi ya kudumu yakipungua. Pia waliwatenganisha wagonjwa ili wasiambukizane. Hilo huniumiza kuliko sindano zote: mtoto haruhusiwi kukaa karibu na mwenzake mwenye ugonjwa huo huo, yaani yule ambaye angemwelewa kuliko sisi sote.

Wengine husema siku hizi kuna vidonge vipya, antibiotiki za nini? Kweli, Trikafta iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 imebadilisha maisha ya wengi. Lakini vidonge hivyo hurekebisha protini ya jeni ile ya CFTR iliyokwisha kutengenezwa. Kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini, badiliko la jeni hiyo linaloonekana zaidi ni lile ambalo wataalamu huliandika 3120+1G→A, nalo huharibu kazi kabla protini haijatengenezwa, hivyo vidonge havina cha kurekebisha. Kwa watu hao antibiotiki ingali ngao, na mimi siwezi kukaa kimya mtu akiiita ulevi wa dawa.

Dada atakuja tena Desemba. Saa ya nebulaiza ikifika, mpisheni mtoto sebule, mpunguze sauti ya televisheni, na anayevuta sigara atoke nje kabisa, si kusimama mlangoni.