Nani atatufunda mwaka wa kumi na tano?

Mwali wa huku kwetu Newala akiingia unyagoni anafundwa mpaka basi. Mimi nimepita huko na sidharau hata siku moja ya mafunzo yale. Ila yote yanahusu kuingia kwenye ndoa. Somo wangu hakurudi kubisha hodi mwaka wa kumi na tano, wakati mke na mume wanakula sahani moja na neno pekee linalotoka ni "sogeza maji".

Wataalamu wanauita uchovu wa ndoa. Mwanasaikolojia Ayala Pines aliueleza kuwa ni kuchoka kwa mwili, hisia na akili, na mara nyingi hauletwi na fumanizi wala kishindo chochote, bali na matarajio yanayolika kidogo kidogo. Mimi nauona kwenye korosho. Mnapuliza wawili salfa, ile dawa ya mikorosho, mnaokota wawili, halafu fedha za mnada zinaingia kwenye akaunti ya baba. Mwaka wa kwanza mama anauliza zimekwenda wapi. Mwaka wa saba haulizi tena, na baba anajisifu kijiweni kwamba nyumba yake imetulia. Haijatulia, mama kachoka tu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Vyema, lakini wengi wanafika pale begi limeshafungwa. Nilimsindikiza ndugu yangu mmoja, na kikao kizima kilikuwa kumtafuta mkosaji.

Ninachotaka ni mafunzo ya ushauri nasaha kabla ya hapo, miezi ile ambayo korosho zimekwisha na salfa haijaanza. Afisa ustawi wa jamii akae na makungwi, wanandoa waje wawili wawili, wiki kadhaa mfululizo. Wafanye mazoezi, maana mawaidha tumeshiba: mmoja aseme, mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Wapange fedha za msimu kabla ya mnada. (Palipo na kipigo, hayo si ya darasani, ni ya dawati la jinsia polisi.)

Nilimweleza mume wangu. Akacheka: "Mama watoto, na mvi hizi nikafundwe?" Akanyamaza kitambo, kisha akauliza mbuzi tutamwachia nani siku hiyo.