Shangazi na Mshale wa Mafuta

Baba mdogo alinunua Coaster kuukuu, akang'oa viti, akapachika kitanda, jiko la gesi na kabati la vyombo, akatutangazia kuwa sasa ana nyumba yenye matairi. Kilichompa kiburi zaidi ni mshale wa mafuta. Alitupeleka Bagamoyo, mimi na Shangazi, tukaenda na kurudi, mshale uko juu tu. "Gari hili halinywi dizeli," akasema, "linanusa." Na hasafiri bila dada yake, maana lile jiko analiweza Shangazi peke yake.

Jumamosi tukatoka Tabata kwenda kulala ufukweni Kimbiji. Daraja la Kigamboni lipo tangu 2016, lakini yeye akataka pantoni, ati Shangazi apunge upepo. Shangazi hata hakushuka. Alikaa kitandani tangu Tabata, akafika Feri yuko kitandani, na pantoni inang'oa nanga yeye anachambua mchele.

Ng'ambo mlango ukashushwa, watu wakamwagika, bajaji zikawaka. Baba mdogo akapiga stata. Gari likawaka, likakohoa, likazima. Akapiga tena, likakohoa bila kuwaka. Honi zikaanza nyuma yetu.

"Baba mdogo, si mafuta hayo?"

"Huna macho? Fulu tenki!"

Kijana wa bodaboda akachungulia dirishani. "Mzee, hamisha nyumba yako, wenzio tuna safari."

Ikabidi lisukumwe. Wakaja wachuuzi wa samaki, wabeba mizigo, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anacheka kuliko kusukuma. Pale pana kamlima, nikamwomba Shangazi ashuke tupunguze uzito.

"Nimeambiwa hii ni nyumba," akajibu. "Nani aliwahi kutolewa kwake ili nyumba isukumwe?"

Tukamsukuma yeye na mchele wake.

Fundi alipofika akazamisha mpira kwenye tenki, akautoa mkavu. "Mzee, humu hata harufu imehama." Baba mdogo akamwonyesha mshale. Fundi akalala chini ya gari, akachomoa waya wa boya, lile linalopima mafuta pale kwenye tenki, akaniambia niwashe swichi nitazame deshibodi. Kwa gari hili waya ukichomolewa mshale unatakiwa uanguke. Haukuanguka.

"Basi waya unagusa bodi mahali," akasema, "ndiyo maana geji inadhani tenki limejaa."

Akaingia ndani kuufuata, akafunua kapeti. "Mama, samahani, inuka kidogo."

Shangazi akainuka. Mshale ukaanza kuteremka taratibu.

"Unashuka!" nikapiga kelele.

"Kaa, mama."

"Unapanda!"

"Inuka."

Watu wakajaa mlangoni, wakaanza kuitikia: kaa! inuka! Fundi akatuonyesha: mguu wa kitanda ulikuwa umeukandamiza waya sakafuni hadi ukachunika, na ukilemewa, shaba inagusa bati. Akaufunga utepe, akaupitisha pembeni.

Shangazi akaweka ungo chini. "Kwa hiyo wewe, siku zote hizi, ulikuwa unapima mafuta kwa makalio yangu?"

Baba mdogo hakujibu. Dumu la dizeli likaletwa, likamiminwa, na kwa vile gari lilishavuta upepo, pampu ya mkono pale juu ya filta ikahitaji kubonyezwa. Akaikimbilia yeye mwenyewe, akainamisha kichwa, akabonyeza, akabonyeza.

"Mzee," fundi akamwambia, "upepo ulishaisha zamani."

Akaendelea kubonyeza.