Hospitali inapost, muuza dawa ndo anajibu

Juzi usiku niko zangu kitandani nikaingia kwenye page ya hospitali moja kubwa hapa Dar, jina nalihifadhi. Wamepost mkurugenzi anapokea ugeni, watu wamejipanga mstari na suti zao, maelezo ya chini yanasomeka kama taarifa ya habari ya saa mbili. Nikashuka kwenye komenti maana ndo kwenye uhondo. Mama mmoja anauliza kliniki ya sukari ya watoto ni siku gani, mwingine ultrasound shingapi, wa tatu anasema anaumwa chini ya kitovu mwezi wa pili huu na ameshazunguka sana, afanyeje. Hospitali kimya. Ila huyo wa tatu kajibiwa, tena fasta: "Pole dada angu hiyo ni PID, njoo inbox, dozi ya siku 21 unapona kabisa." PID ndo maambukizi ya kizazi. Aliyejibu ni muuza dawa, hahusiani na hospitali hata kidogo, yeye kaja kutandika biashara yake kwenye baraza ya watu na wenye nyumba wamemwangalia tu.

Watu wa afya ukiwasikia wanalalamika kwamba wagonjwa wanakimbilia matapeli wa mtandaoni. Mi naona hawamkimbilii tapeli, wanamkimbilia anayejibu. Tapeli anajibu saa sita usiku, anakuita dada angu, anakutumia voice ya dakika tatu anakuuliza umeanza lini kuumwa. Nyie wenye vyeti mnamwachia blutiki.

Naongea hivi kwa sababu kwa karibu miaka miwili nilishika simu ya kliniki moja ya mtu binafsi huku Mbagala. Nilikuwa mapokezi, siku moja bosi akasema wewe si unapenda simu, basi shika na page. Nikafanya kama wanavyofanya wengine wote, yani mabango. Mei 12 Siku ya Wauguzi, bango. Novemba 14 Siku ya Kisukari Duniani, bango la bluu na maneno ya kiingereza ambayo hata mimi sikuyasoma hadi mwisho. Laiki tisa, saba za wafanyakazi wenzangu na moja ya kwangu mwenyewe.

Kilichobadilisha mambo sio mimi ni nesi mmoja mama wa Kitanga, mtu wa maneno matamu lakini siku hiyo alikuwa amechoka. Kila asubuhi wanakuja watu kupima sukari ya kabla ya kula na wameshapiga chai na chapati mbili, unawarudisha, na wametoka Kongowe huko na daladala mbili. Wale wa ultrasound ya kizazi ndo kinyume chake, wao wanatakiwa wanywe maji mengi kibofu kijae, lakini wakifika tu wanauliza choo kiko wapi. Akaniambia we kijana washa simu. Akaongea vile vile anavyoongea dirishani: "Jamani kipimo cha sukari cha asubuhi usile kitu kuanzia saa nne usiku, maji ruksa, chai hapana, hata ya rangi hapana, hata useme haina sukari. Njoo saa mbili tukupime alafu ndo ukale chapati yako." Haikufika hata dakika. Hatukulipia tangazo wala nini, ikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya vikoba na ya wazazi wa shule, wiki hiyo hiyo watu wanakuja wanamuulizia mama wa chapati.

Hapo ndo maswali yakaanza kumiminika na nikajifunza kitu ambacho sijakiona kwenye semina yoyote. Watu wanauliza mko wapi hasa, yani ukishuka kituoni unapita wapi. Wanauliza shilingi ngapi. Mnachukua bima. Daktari wa kina mama yupo siku gani na je ni mwanamke. Nije na mume au naweza kuja mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza dira na dhamira ya kliniki, na ile ndo ilikuwa imeandikwa juu kabisa kwenye page yetu, bei hakuna. Bosi alikuwa anaogopa kuweka bei eti washindani wataona. Washindani wako hatua mia kutoka hapo, wakitaka bei si wanamtuma mtu tu.

Hebu kumbukeni Loliondo mwaka 2011. Babu Ambilikile Masapila, yule aliyekuwa anawanywesha watu kikombe cha dawa kule Samunge, hakuwa na page, simu janja zenyewe zilikuwa za kuhesabu, na bado magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Sisemi kikombe kilitibu, na kuna watu waliacha dawa zao za hospitali kwa ajili ya kile kikombe, hilo halichekeshi kabisa. Ila angalia habari zake zilivyosafiri: unakwenda wapi, Samunge. Unalipa ngapi, 500. Unafanyaje, unakunywa kikombe kimoja. Na anayekuhudumia ni yeye mwenyewe. Mtu wa Bukoba na mtu wa Lindi wote walikuwa wanajua. Sasa nitajie hospitali unayojua bei ya kumuona daktari bingwa wake bila kwenda kupanga foleni kuuliza.

Ila kujibu nako kuna namna zake, tusidanganyane. Mwanzoni mi nilikuwa najibu kila kitu, mtu akisema mtoto anaharisha nampa na jina la dawa, mpaka daktari wetu alipoziona zile chati akaniweka kitako. Alinisema vizuri tu lakini yalinikaa. Kwenye inbox hutibu, hujui uzito wa mtoto, hujui ameharisha siku ngapi wala kama ana damu. Unachoweza ni kumwambia aje, aje lini, aje na nini, na kwa hilo la mtoto umwambie mama asiache kunyonyesha na ORS aanze nayo njiani. Baada ya hapo tukakubaliana maswali ya bei na ratiba najibu mimi, ya mwili anajibu nesi, na likimshinda anampelekea daktari saa za mchana.

Alafu kuna mambo ya siri za watu. Picha nilizotumiwa kwenye ile simu, wengine usiku wa manane, siwezi kuzielezea hapa kuna watu wanakula. Mtu anapiga picha kidonda sehemu ambayo hata mke wake hajaiona vizuri anatuma, anataka msaada, na WhatsApp yenyewe inazihifadhi kwenye simu moja kwa moja. Na simu hiyo jioni mtoto wa bosi anaichukua anachezea gemu. Mnaelewa? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023, na habari za afya ya mtu imeziweka kwenye zile nyeti, lakini kwenye vituo vyetu vingi simu ya wagonjwa ni simu tu kama ya duka. Tulizima ile ya kuhifadhi picha, tukaweka namba ya siri, mtoto akanunuliwa tableti.

Na hizi picha za mgonjwa kalala na dripu anakabidhiwa sabuni na juisi huku kamera tano zinampiga, mi huwa naona aibu. Eti aliombwa ruhusa. Mtu ametoka theatre jana, anayemuomba ndo mwenye kumbadilishia kidonda kesho, atakataaje?

Magrupu nayo tulijaribu. Nesi alifungua grupu la wajawazito, zuri kweli, kina mama wanaulizana, wanacheka, haujaisha mwezi mwanaume mmoja aliyeingizwa na mkewe akaanza kuwatongoza wenzie mmoja mmoja maana namba zote zinaonekana. Likafungwa. Tukahamia brodikasti, ile unatuma ujumbe mmoja na kila mtu anaupata kwake peke yake, hamjui mwenzie. Shida yake lazima mama awe amesevu namba yenu, kwa hiyo siku ya kwanza ya kliniki nesi hamwachii mtu kadi mpaka asevu mbele yake. Alafu wale wa kitochi tusiwasahau jamani, sio kila mjamzito ana bando. Wale wa kampeni ya wajawazito ya Wazazi Nipendeni mwaka 2012 walilijua hilo mapema, ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001 bure, unaanza kupata meseji kulingana na umri wa mimba yako. Simu ya tochi ilitosha kabisa.

Sasa kilichonifanya nikae kuandika yote haya ni Jumatatu moja. Ile simu yetu Ijumaa jioni ilikuwa inafungiwa kwenye droo ya mhasibu, anatoka na funguo, mpaka Jumatatu. Nikaiwasha nikakuta meseji ya Jumamosi saa mbili usiku, mwanaume anaandika mke wangu mimba miezi saba anatoka damu kidogo, tuje au tusubiri Jumatatu. Chini yake kaandika "halo". Chini yake tena "mpo?". Nilimpigia mikono inatetemeka. Alipokea, walishaenda hospitali ya Temeke usiku ule ule kwa sababu mama mkwe aligoma kusubiri, mama na mtoto walikuwa wanaendelea vizuri. Aliongea na mi kwa upole kabisa, hata hakunilaumu, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Siku hiyo hiyo tuliweka jibu la moja kwa moja, ukituandikia usiku linakuja lenyewe: sasa hivi hatupo, lakini kama una mimba na unatoka damu, au kichwa kinauma sana na unaona maruweruwe, au uso umevimba, au mtoto ameacha kucheza, usisubiri jibu letu, nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi. Kuliandika haikuchukua hata robo saa. Simu analala nayo nesi wa zamu.

Nilipoondoka pale ugomvi uliobaki ulikuwa wa bando. Mhasibu anasema elfu ishirini kwa mwezi kwa ajili ya kuchati ni nyingi mno, wakati lile bango la bluu la Novemba alililipia bila hata kuuliza risiti.