Uwanja katikati ya mahindi: mbona anayelipa ni daktari peke yake?

Muvi nyingi za michezo ukiangalia dakika kumi tu ushajua, timu mbovu itashinda fainali, kocha atalia, tumemaliza. Field of Dreams ya 1989 haina hata hiyo fainali, na nadhani ndo maana watu hawaachani nayo mpaka leo. Kevin Costner ni mkulima wa mahindi kule Iowa, yuko zake shambani anasikia sauti, ukijenga atakuja. Ajenge nini? Aje nani? Sauti haifafanui. Jamaa anafyeka mahindi anatengeneza uwanja wa besiboli, mke anakubali (wake wa hivi sijui wanapatikana wapi) na usiku mmoja kasimama pale Shoeless Joe Jackson, nyota wa besiboli aliyefariki 1951.

Utamu wake ni kwamba hakuna anayekuja kutueleza imekuwaje. Hamna mganga, hamna kitabu cha siri, shemeji mtu yupo palepale uwanjani na haoni mchezaji hata mmoja anadhani familia nzima imechanganyikiwa. Unaachwa uamini au ukatae mwenyewe.

Sasa wanaoiponda nao wana hoja, tena nzito. Jackson ni mmoja wa wale wachezaji wanane wa timu ya Chicago White Sox waliofungiwa maisha 1921 kwa tuhuma za kuuza World Series (fainali ya besiboli) ya 1919, mahakama iliwaachia ila ligi ikawafungia hivohivo. Muvi inamchora kama malaika wakati mwenyewe alikiri kupokea dola 5,000. Hilo mi namsamehe, mtu aliyekuwa na wastani wa kupiga mpira wa .375, yaani juu sana, kwenye mechi zilezile anazodaiwa kuuza ana haki ya kubishaniwa. Kinachonikwaza ni kingine: wale wachezaji wafu wote wanaotoka kwenye mahindi ni wazungu. Ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango weusi kwa miongo mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947, halafu ile hotuba tamu kwamba mchezo huu unatukumbusha mema yote ya zamani kapewa mwigizaji James Earl Jones, mtu mweusi, aisifie enzi ambayo isingemruhusu hata kushika gongo. Na sauti yake ilivyo nzito hata hushtuki. Walishindwa kumtoa mmoja tu wa zile ligi za weusi?

Halafu kuna suala la hela. Costner anadaiwa, shamba linataka kuuzwa, mwisho zinaonekana taa za magari foleni ndefu watu wanakuja kulipia kiingilio, kwisha matatizo. Uchawi wa bure kabisa huo.

Ila kuna Graham, mchezaji mwingine kwenye muvi. Huyu alikuwepo kweli, alicheza mechi moja tu ya ligi kuu 1905 na timu ya New York Giants, hakupata hata zamu ya kupiga, akaishia kuwa daktari Chisholm, Minnesota. Kwenye muvi anarudi akiwa kijana, anapata zamu yake hatimaye, halafu binti wa Costner anaanguka kapaliwa na soseji. Kijana anafika ukingoni mwa uwanja anasita, anaachia glavu, anavuka, na kamera iko chini kwenye miguu, kiatu kinachotua upande wa pili ni cha mzee. Anamwokoa mtoto na hawezi kurudi tena ujanani. Hapo uchawi una gharama, na kwangu hapo ndo muvi inasimama kweli, kuliko hata ile ya mwisho Costner anamwomba marehemu baba yake warushiane mpira, kitu alichogoma akiwa na miaka 14, ambayo kiukweli huwa nalia kila mara na nikishafuta machozi najiona nimechezewa.

Kwa Graham sijioni hivo. Mzee anajikokota kuelekea kwenye mahindi, Jackson anamwita kwa nyuma: dogo, ulikuwa mzuri.