Linda Wano

Watalii wa kwenye kalenda hushuka melini na kofia pana na kamera shingoni. Sisi tulishuka Port Bell, bandari ya Kampala, tukinuka dizeli. Meli yetu ilibeba mabehewa ya treni kutoka Mwanza, na burudani yake ilikuwa redio ya mpishi. Ilikuwa mwaka 2004, mimi kijana wa deki, mwezi wa tatu kazini.

Asubuhi hiyo nahodha alitangaza kwamba mabehewa yatachelewa kushushwa. Anayetaka kutoka atoke, ila saa kumi jioni kila mtu awe ndani. Babu, mpishi wetu, akatundika aproni yake.

"Mwanangu, miaka yote hii nakuja Uganda, ninachokijua ni Luzira na bei ya matoke. Leo tunatembea. Kasri, kanisa, makumbusho, vyote!"

Tukapanda bodaboda moja, mishikaki: dereva, Babu, na mimi nyuma nimekalia chuma. Kampala ni vilima, na kila tulipopanda kimoja nilikuwa nateleza kurudi ziwani.

Namirembe hatukukaa. Kanisa lao la Kianglikana ni la matofali mekundu, lilimalizwa 1919, na ukisimama pale unaliona la Wakatoliki la Rubaga kilima cha pili, kama majirani wasioazimana chumvi. Babu alisema makanisa hata Mwanza yapo, twende kwa mfalme.

Njiani kutoka Bulange, bunge la Buganda, kwenda kasri la Mengo kuna kipilefti chenye geti katikati. Dereva akatueleza kwamba anayepita pale katikati moja kwa moja ni Kabaka, mfalme wa Baganda, peke yake. Watu wengine wote lazima wazunguke.

"Hata akiwa na haraka ya msalani?" Babu akauliza.

Dereva hakucheka. Tukazunguka kwa adabu.

Saa saba hivi tukafika Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka. Sijapata kuona nyumba ya nyasi ya namna ile: pana kuliko ghala la bandari, paa limeteremka karibu liguse ardhi, mlango umejificha chini yake kama mdomo chini ya masharubu. Mutesa wa Kwanza aliijenga 1882 iwe kasri lake, halafu akazikwa humo humo, na waliomfuata watatu wakaletwa hapo pia.

Babu alitangulia kuingia na kundi la wazungu na mwongozaji wao. Mimi nilibaki getini nikibishana na dereva kuhusu nauli ya kusubiri. Nilipofika mlangoni nikamkuta bibi mmoja amekaa, anasuka mkeka. Nikavua viatu, nikainama niingie. Akaninyooshea kiganja.

"Linda wano, ssebo."

Ssebo nilijua ni bwana, na wano ni hapa. Linda, sasa, mtoto wa Mwanza atafundishwa maana ya linda? Nikatazama mbele yangu. Viatu! Buti za wazungu zenye kamba ndefu, raba, na katambuga za Babu, moja ina kamba nyekundu na nyingine ya buluu. Nikasema moyoni, kumbe hapa nao wana wezi wa viatu kama msikitini kwetu. Nikakaza mgongo.

"Nalinda, mama!"

Akatabasamu, akaendelea na mkeka wake. Kila baada ya muda ananitazama: "Linda, linda." Nami nazidisha ukakamavu. Likaja kundi la wanafunzi, nikawapangia viatu mistari minne kwa ukubwa. Katoto kamoja kakatoka kakitaka vyake, nikakazuia kwa Kiswahili cha amri. Kule Kiswahili wengi walikizoea vinywani mwa askari, basi kakarudi ndani mbio.

Mwongozaji akachungulia, akaniita kwa mkono. Nikamwonyesha kwa kidole: siwezi, niko lindoni. Akanitazama kidogo, akarudi kwa wageni wake.

Wazungu walipotoka, nilitaka kila mmoja aonyeshe viatu vyake kwanza, kisha avijaribu mbele yangu. Mzee mmoja akanipa noti ya elfu moja. Nikamsogezea bibi nusu ya heshima, yaani nilimwonyesha noti tu. Akashika mdomo.

Babu akatoka mwisho, uso umelainika kama aliyetoka hija.

"Mbona hukuingia?"

"Nililinda, Babu. Bibi aliniambia."

Mwongozaji akasikia. Akamuuliza bibi kwa Kiganda, bibi akajibu, na ghafla mkeka ukaanguka, bibi akajishika mbavu. Mwongozaji alihitaji muda kupata pumzi.

"Ssebo, kwetu linda ni ngoja! Jjajja alikwambia ungoje, nimalize na wale, nije nikuchukue!"

Saa ilikuwa imekwenda. Nikaomba hata dakika tano, Babu akasema nahodha hangoji dakika tano. Makumbusho ya Kira Road tukayaacha na vyote vyake, na njia nzima hadi Luzira, katikati ya mishikaki, Babu akanisimulia sikioni nilichokikosa: pazia la magome ya mti, na nyuma yake mahali wanapopaita msitu, maana kwao mfalme hafi, huingia msituni, mikuki mbele ya pazia, na juu darini pete 52 za matete, kila ukoo wa Baganda pete yake.

"Pete zote nilizihesabu," akasema. "Wewe umehesabu nini?"

"Jozi thelathini na nane."

Melini waliniita Mlinzi mpaka nilipoacha kazi. Kila tulipotia nanga Port Bell niliapa kwamba safari hii nitaingia, na kila mara mabehewa yalishushwa upesi.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ile nyumba iliungua. Kesho yake Babu, ambaye alikuwa amestaafu, akanipigia simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

"Lindo lote lile, mwanangu," akasema, "ukalimalizia kwenye viatu."