Wakili, rudi mahakamani!

Jamani, mimi nilinunua kesi. Shilingi 3,000 zangu, pale Makoroboi, Mwanza, kitabu cha mtumba, riwaya ya Kimarekani. Jalada lina nyundo ya hakimu na tone la damu. Kitanda hakikuchorwa popote.

Basi Jumatatu nimefunga hesabu za dagaa sokoni Mwaloni, nimekaa zangu kibarazani, nipo ukurasa wa 140. Shahidi aliyeona gari usiku ule yuko kizimbani. Wakili kasimama aanze maswali ya dodoso. Hata mbu siwapigi. Mara hakimu anaahirisha hadi kesho, na wakili, badala ya kwenda kupekua jalada la kesi, huyo hotelini na msaidizi wake! Kurasa 22, nimezihesabu. Mvinyo, shuka, mvua dirishani. Na mteja wake kesho ananusa kitanzi!

Mimi nikiachiwa magunia matatu tu ya dagaa wa watu, naamka saa nane usiku kuangalia kama mvua imewafikia. Huyu kaachiwa roho ya mtu.

Simaanishi mchepuko usiingie kitabuni kabisa. Kama una kazi, uingie. Kwenye Presumed Innocent ya Scott Turow, ya mwaka 1987, mwendesha mashtaka anashtakiwa kwa kumuua mwenzake wa kazini aliyewahi kuchepuka naye. Hapo ukiutoa mchepuko, umeitoa kesi. Lakini huyu wangu mapenzi yake hayamjui maiti wala gari. Ni mchanga kwenye dagaa: kilo zinaongezeka, ukitafuna ndiyo unajua.

Na kama fumanizi ni lazima, mke wa wakili afungue shauri basi! Kwetu kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 72, mwenye ndoa anaweza kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Hizo ningesoma hata kurasa mia. Wapi! Mke analia jikoni, sura inaisha.

Sasa balaa lenyewe. Mama Neema kaja na chai, kasimama nyuma yangu, kimya. Kugeuka, kashafika chini ya ukurasa.

"Baba Neema, ndiyo kesi hiyo?"

"Ndiyo. Ya mauaji."

"Naona. Marehemu kafa kwa kuvuliwa blauzi?"

Nikarudisha kurasa haraka nimwonyeshe shahidi, nimwonyeshe gari. Kidole kikafungua hoteli nyingine, hata mimi nilikuwa nimeisahau.

"Na juzi uliposema umechelewa Mwaloni," akasema taratibu, "mahakama iliahirishwa saa ngapi?"

Akaondoka nacho. Siku mbili ugali umechelewa, taa ya chumbani haizimwi. Jana kakimaliza, kafurahi kwelikweli, kanisimulia hoteli zote tatu na msaidizi alivyoachwa. Nikamwuliza kwa unyenyekevu, mama, yule shahidi wa gari alijibu nini?

"Hizo za mahakamani niliziruka."