Wavuvi wa Dardanelles hawakuwa waoga

Habari za vita vya Dardanelles vya mwaka 1915 zinaposimuliwa, wavuvi wa Uingereza waliopewa kazi ya kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini hutajwa kwa dharau: eti waliiogopa mizinga ya Waturuki wakageuza meli zao, na ndiyo maana manowari za Uingereza na Ufaransa zikashindwa kupenya mlangobahari huo kwenda Istanbul. Sikubaliani na lawama hiyo.

Meli zao zilikuwa za kukokota nyavu, zilizozoea kuvua katika Bahari ya Kaskazini. Jeshi la Wanamaji lilianza kuwaandikisha wavuvi wa aina hiyo mwaka 1910, na hoja yake ilikuwa na akili: anayejua kukokota wavu mzito chini ya maji anaweza pia kukokota waya. Meli mbili zilikwenda sambamba zikiburuta waya wa chuma katikati yao, nao ukinasa mnyororo uliofunga bomu kwenye nanga yake, bomu hung'oka na kuibuka, kisha hupigwa risasi kwa mbali. Kwao nyumbani, mbali na mizinga ya nchi kavu, kazi hiyo waliiweza.

Dardanelles ni mlangobahari mwembamba, na maji yake hushuka kwa nguvu kutoka Bahari ya Marmara. Meli dhaifu iliyokuwa ikivuta waya dhidi ya mkondo huo ilitambaa tu, tena usiku, ikimulikwa na kurunzi na kupigwa kutoka pande zote mbili. Isitoshe, sehemu ya meli iliyozama majini ilifika chini kuliko kina cha mabomu yenyewe. Manowari hazikuweza kusogea na kuinyamazisha mizinga kabla mabomu hayajaondolewa, na mabomu hayakuweza kuondolewa kabla mizinga haijanyamaza. Sijui mvuvi angelifungua vipi fundo hilo kwa ujasiri peke yake.

Wavuvi walisema wako radhi kulipuliwa na bomu, lakini kupigwa mizinga si kazi waliyoandikiwa. Wakubwa walikasirika, wakatia wanamaji wa kujitolea katika meli hizohizo. Usiku wa Machi 13 hao nao hawakufua dafu: vifaa vya kuvutia waya vilivunjwa katika meli nyingi, na manowari Amethyst iliyowasindikiza ikapigwa vibaya. Kwangu mimi kesi iliisha usiku ule, ingawa waandishi wengi huupita haraka.

Machi 18 manowari ziliingia hivyohivyo. Katika ghuba ya Erenköy yalikuwapo mabomu 26 yaliyotegwa na meli ya Kituruki Nusret siku kumi kabla. Bouvet ya Wafaransa ilizama kwa dakika chache na watu zaidi ya 600, kisha Irresistible na Ocean za Waingereza zikapotea. Ndipo zikaanza kufungwa waya manowari ndogo za mwendo wa kasi, zenye nguvu ya kuushinda mkondo. Zilipokuwa tayari, Admirali de Robeck, mkuu wa manowari hizo, alikuwa ameshaamua kulisubiri jeshi la nchi kavu.